Chemirocha Hakuwahi Kufika Kapkatet

Kuna stori moja ambayo wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani wanaipenda sana, na ikitufikia sisi huwa imeshapikwa ikaiva. Inaenda hivi. Zamani za ukoloni, wamishonari walileta gramafoni huku Bonde la Ufa. Wakawapigia wenyeji sahani za mwimbaji wa kantri kutoka Marekani, Jimmie Rodgers. Wenyeji wakashangaa sauti inatokaje kwenye sanduku. Wakamgeuza yule Mmarekani kuwa kiumbe cha ajabu, nusu mtu nusu swara, wakamtungia wimbo. Jina lake likawashinda kutamka, wakamwita Chemirocha. Msikilizaji anatabasamu, anashea, maisha yanaendelea.

Mimi ni mtu wa Nakuru, na stori hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko nilivyowahi kuusikia wimbo wenyewe ukipigwa redioni. Sina ugomvi na mambo mengi yaliyomo. Gramafoni zilikuwepo. Rodgers alikuwepo. Wimbo upo, na ni mtamu ajabu. Ugomvi wangu ni kuhusu nani amekalishwa kwenye kiti cha mbele. Katika stori hiyo mwanamuziki ni mmoja tu, yule aliyekufa Marekani bila kukanyaga Afrika. Waliokuwa wanaimba wamebaki "wenyeji". Hebu tuipige sahani upande wa pili.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, kule nchi ya Wakipsigis. Kutoka Nakuru leo ni safari ya matatu tu: unapita Salgaa, unapanda hadi Mau Summit, unakata kushoto, unashuka katikati ya chai ya Kericho, halafu unaendelea na barabara ya Sotik. Tracey alikuwa Mwingereza aliyezaliwa 1903 na kuhamia Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, akiwa kijana. Huko alizipenda nyimbo za Washona, na kupenda huko kukawa kazi ya maisha. Alizunguka kusini, kati na mashariki mwa Afrika na mitambo yake ya kurekodi, akijaza sahani baada ya sahani. Mwaka 1954 aliunda maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, inayojulikana kwa kifupi kama ILAM, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Ukiwa na intaneti na subira, unaweza kumsikia shangazi wa mtu fulani akiimba kabla mama yako hajazaliwa.

Pale Kapkatet Tracey hakurekodi wimbo mmoja wa Chemirocha. Alirekodi mitatu. Hili ndilo jambo ambalo stori inayoshewa hulipitia haraka, na kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko yote. Kuna ule ulioimbwa na Bekyibei Arap Mosonick akiwa na Cherwo Arap Korogem. Na kuna ule wa tatu, uliovuma, ambao kiongozi wake ni msichana anayeitwa Chemutoi Ketienya, akiitikiwa na wasichana wenzake. Wimbo huo haufiki dakika mbili. Kinubi kinapigwa kwa mwendo mmoja usiotetereka, kile ambacho Wakipsigis wanakiita chepkong. Chemutoi anatupa mstari, wenzake wanaudaka, na jina Chemirocha linarudi na kurudi mpaka linakushika kichwani siku nzima.

Fikiria maana ya kuwa na nyimbo tatu zenye jina moja mahali pamoja. Mtu akishtuka, anapiga kelele mara moja basi. Lakini wanamuziki wakiwa na jina moja mdomoni, wazee kwa namna yao na wasichana kwa namna yao, hapo kuna mchezo unaoendelea kitambo. Ni kama vile wasanii watatu wa leo wanavyoweza kutoa ngoma tatu juu ya neno moja lililovuma mtaani. Jina lilikuwa limeshaingia kijiweni. Kila mtu alikuwa na toleo lake.

Na jina lenyewe? Watu husema Wakipsigis "walishindwa" kutamka Jimmie Rodgers. Kumbe hawakushindwa chochote. Kikalenjin hakitofautishi "j" na "ch" kama Kiingereza kinavyofanya, kwa hiyo Jimmie akawa Chemi, na Rodgers akawa rocha. Hivyo ndivyo kila lugha inavyomkaribisha mgeni. Waingereza nao waliwaita Wakipsigis "Lumbwa" kwa miongo mingi, na hakuna aliyesema kwamba jina liliwashinda.

Ila kuna utamu zaidi. Che- ni mlango wa majina ya wasichana: Chebet, Cherono, Chepkoech, na huyohuyo Chemutoi. Mwanamume mtu mzima huitwa arap fulani, yaani mwana wa fulani, heshima anayoipata baada ya kutahiriwa. Sasa anakuja huyu jamaa wa kwenye sanduku, hana arap, hana ukoo, hana rika, na jina lake linaanza kama la msichana. Wasichana wa Kapkatet lazima walicheka.

Che- ina ndugu mwingine pia. Katika hadithi za Wakalenjin yuko Chemosit, yule wa kutishia watoto usiku. A. C. Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni, alimweleza katika kitabu chake kuhusu Wanandi kilichotoka 1909: nusu mtu, nusu ndege, mwenye mguu mmoja na mdomo mwekundu unaong'aa gizani kama taa. Kwa hiyo viumbe vya nusu-nusu havikuanza na gramafoni. Vilikuwa na mahali pao kwenye hadithi za jioni, na waimbaji walijua namna ya kuvitumia.

Tracey hakumsikia Chemosit. Katika maelezo yake alimfananisha Chemirocha na Pan, mungu wa Wagiriki mwenye miguu ya mnyama. Akaeleza kwamba wasichana wanamhimiza Chemirocha acheze ule mchezo wa kuruka unaojulikana na kila Mkipsigis, aruke kwa nguvu mpaka nguo zimtoke. Soma tena hayo maelezo bila Ugiriki. Hapo unaona wasichana wanamwita mgeni maarufu kwenye uwanja wao, wanamwambia acheze mchezo wao, na wanasubiri avuliwe nguo na densi asiyoiweza. Mimi sioni ibada hapo. Naona matani ya wasichana waliokomaa kwa sanaa yao, wanaojua kumchokoza mwanamume mbele ya watu.

Pia tusidanganywe kwamba hawa walikuwa watu waliofungiwa mbali na dunia. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na kufikia Desemba 1901 ilikuwa imeshuka hadi ziwani, Kisumu, ikipita pembeni mwa nchi yao. Stesheni ya Kipkelion ya leo iliitwa Lumbwa. Miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yalikuwa yakipanda chai Kericho juu ya ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria ya kuwahamisha ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wao wa kiroho, na wakapelekwa Gwassi, kule karibu na Ziwa Viktoria. Vita vya pili vya dunia vikachukua vijana wa eneo hili, wakarudi wameona nchi nyingine. Kufikia 1950, mzungu hakuwa muujiza. Alikuwa jirani mwenye nguvu ambaye humwamini. Kumweka mzungu mmoja ndani ya wimbo na kumrukisha mpaka abaki uchi, mbele ya mzungu mwingine mwenye mitambo ya kurekodi, kunataka ujasiri na kucheka kwa akili.

Sasa tumpe Rodgers haki yake, maana naye si mtu wa kudharau. Alizaliwa Mississippi mwaka 1897, mtoto wa mfanyakazi wa reli, na yeye mwenyewe akafanya kazi ya breki kwenye treni mpaka kifua kikuu kikamtoa. Agosti 1927 alirekodi mara ya kwanza katika mji wa Bristol, kwa mtu anayeitwa Ralph Peer wa kampuni ya Victor. Ndani ya miaka isiyofika sita alirekodi nyimbo zaidi ya 100. Mei 1933 alirekodi mara ya mwisho huko New York, akipumzika kitandani kati ya wimbo na wimbo, na siku chache baadaye akafa. Alikuwa na miaka 35. Jumba la heshima la muziki wa kantri lilipoanzishwa mwaka 1961, alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa. Sahani zake zilichapishwa Uingereza pia, na kutoka huko zikafuata njia za himaya hadi kwenye veranda za wamishonari na walowezi.

Lakini Rodgers alijifunzia wapi? Reli ya Mississippi ilijengwa na kutunzwa na vibarua Weusi, na bluzi aliyoiimba ilikuwa yao. Juu yake aliongeza yodeli, ile namna ya kuvunja sauti ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa. Mwaka 1930 alirekodi wimbo mmoja na Louis Armstrong akipiga tarumbeta, Mzungu na Mweusi katika chumba kimoja, wakati ambapo sehemu kubwa ya Marekani haikutaka kuona jambo hilo. Kwa hiyo sauti iliyotoka kwenye gramafoni ya Kericho haikuwa ngeni kabisa. Ilikuwa na damu ya Afrika ndani yake, imezunguka baharini na relini miaka mia kadhaa.

Na ilitua kwa watu waliokuwa na masikio ya kuipokea. Mtu mmoja, nyuzi chache, sauti inayopanda na kushuka, maneno ya utani na ya huzuni: hiyo ni kantri, lakini pia ndiyo kazi ya mpiga kinubi. Eneo letu limejaa wapiga vinubi. Wajaluo wana nyatiti, Wakisii wana obokano, Wabukusu wana litungu, Wakipsigis wana chepkong. Mzee aliyekaa Kapkatet na kinubi mapajani alimsikia Rodgers na gitaa lake, na naamini alimtambua kama mtu wa kazi moja.

Hapa ndipo stori inaponiuma. Watu wa kazi moja, lakini tazama kilichowapata.

Ralph Peer alikuwa mjanja wa biashara. Alielewa kwamba pesa ya kudumu haiko kwenye sahani, iko kwenye hakimiliki. Mwaka 1928 alianzisha kampuni ya kusimamia nyimbo, na kampuni hiyo bado ipo mpaka leo. Bluzi za Rodgers zilijengwa kwa mistari mingi iliyokuwa ikielea tu miongoni mwa waimbaji Weusi wa kusini, mistari isiyo na mwenyewe. Aliipanga upya, akaiweka sauti yake, na kwenye karatasi akaandikwa mtunzi. Mirabaha ikaenda kwake, na baadaye kwa familia yake.

Chemutoi Ketienya alifanya jambo lilelile. Alichukua jina lililokuwa likielea Kapkatet, akalipangia mistari, akawapangia wenzake kiitikio, akaliweka sauti yake. Lakini dunia ilipompokea, ilimwita "wimbo wa jadi". Mtu wa Marekani akipanga upya mali ya wengi anaitwa mtunzi. Msichana wa Bonde la Ufa akipanga upya mali ya wengi anaitwa kabila. Tracey, kusema kweli, aliandika majina ya waimbaji, na bila yeye hata hili tusingekuwa tunalizungumza. Waliokuja baadaye ndio walioona jina la Rodgers linatosha kubeba kichwa cha habari.

Na hilo neno "jadi" ni kubwa. Likishabandikwa kwenye wimbo, hakuna wa kumlipa, hakuna wa kumuuliza alizaliwa wapi, aliimba nini kingine, aliacha kuimba lini. Kazi yake yote ya muziki inabaki dakika mbili.

Ukitaka kuona tofauti ambayo jina linaleta, shuka kutoka Kapkatet hadi mjini Kericho. Huko, kuanzia miaka ya 1960, familia ya Chandarana ilikuwa na duka la muziki lililogeuka kuwa kampuni ya kurekodi. Mji mdogo wa chai ukawa unatoa sahani za 45 za Wakalenjin, Wajaluo, Wakisii na Waluhya. Gitaa lilikuwa limechukua kiti cha kinubi, ila ukisikiliza vidole vya wapigaji wengi wa Kikalenjin wa wakati huo unasikia kinubi bado kinatembea chini. Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et walikua wakawa jina la nyumbani Bonde la Ufa nzima. Hakuwa tajiri wa kutisha, na nje ya Kenya wachache wanamjua. Lakini alikuwa na jina kwenye lebo ya sahani, na jina hilo lilimpa kitu ambacho Chemutoi hakupewa: wimbo wa pili, wa tatu, wa kumi. Mashabiki waliomtafuta. Redio iliyomtaja. Huo ndio mwanzo wa kazi ya usanii. Kipaji peke yake hakitoshi kama hakuna anayejua aliyenacho anaitwa nani.

Huku Nakuru nako, yule mtu wa breki alipata wajukuu wa ajabu. Treni kwa Kikuyu ni mugithi, na mugithi ndio ile densi mnayoijua wote, watu wamepangana mstari, kila mmoja ameshika wa mbele, behewa nyuma ya behewa, wakizunguka meza za baa. Mbele yao mtu mmoja na gitaa lake, akichanganya nyimbo za zamani, za kanisani zilizogeuzwa maneno, na kantri. Majina kama Mike Rua na Salim Junior yalijengwa kwenye usiku wa namna hiyo. Na kantri yenyewe haijawahi kutoka kwenye redio zetu. Kizazi cha wazazi wetu kilikua na Jim Reeves, Skeeter Davis, Don Williams na Kenny Rogers, na leo Elvis Otieno, yaani Sir Elvis, anavaa kofia pana na kuwaimbia Wakenya kantri kama mtu aliyezaliwa Tennessee. Wageni wakiona hilo huuliza, "Kwani Wakenya na kantri wapi na wapi?" Jibu lilisharekodiwa Kapkatet mwaka 1950.

Katikati ya miaka ya 2010, ILAM na watu wa Singing Wells, mradi ambao shirika la Ketebul Music la Nairobi linashiriki, walizirudisha rekodi za Tracey nchi ya Wakipsigis. Walizunguka wakitafuta waliorekodiwa au familia zao, wawape nakala mkononi. Walimpata mzee Cheriyot Arap Kuri, aliyepita miaka 80, mmoja wa vijana waliomwimbia Tracey. Waliokwenda naye hewani walitaka kusikia kuhusu Jimmie Rodgers. Mimi ningetaka kusikia kuhusu yeye: alijifunza kwa nani, alikuwa anaalikwa harusi za wapi, nani alikuwa mkali kumliko. Miaka 60 na zaidi kati ya kurekodiwa na kukabidhiwa sauti yako ni mingi mno. Kuna wimbi la watu waliokufa katikati bila kujua kwamba wanasikilizwa Tokyo na Berlin.

Sheria sasa ipo. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayosema jamii ina haki juu ya vitu vyake na haifai vichukuliwe bila idhini wala mgao. Ni hatua nzuri, na ninaiunga mkono. Ila naona mtego ndani yake. Sheria inayomlinda "Mkipsigis" inaweza kumsahau Chemutoi, vilevile kama stori ya gramafoni ilivyomsahau. Jamii haiimbi. Mtu ndiye anayeimba, akiwa na koo lake, marafiki zake na siku yake mbaya au nzuri. Tukidai haki za nyimbo hizi, tuzidai kwa majina pale majina yalipo, na tuyatafute pale yasipoandikwa, wakati wazee wa kuulizwa bado wapo.

Kazi hiyo haihitaji shahada. Ukimwona bibi au babu kwenye harusi ya kijijini, Bomet au Kuresoi au Subukia, anaimba kitu hujawahi kukisikia, na umeshatoa simu kumrekodi, usiandike chini yake "wimbo wa kitamaduni". Muulize jina. Muulize alijifunza wapi na nani alimtungia. Andika na tarehe. Na siku utakaposhea ule wimbo wa Kapkatet, kwa sababu utaushea, weka hivi: Chemutoi Ketienya na wenzake, "Chemirocha", Kapkatet, 1950. Jimmie Rodgers atapata nafasi yake baadaye, kwenye maelezo ya chini.